Pikapu Iliyokufa Hailii

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina gitaa la besi la nyuzi nne lenye pikapu mbili, kila moja na nobu yake ya sauti. Nimelinunua kwa mtu aliyelitumia miaka mingi. Kelele zake zimenishinda. Nikilichomeka kwenye amplifaya linanguruma, ila nikishika nyuzi mngurumo unapungua, na nikipunguza nobu ya pikapu moja unazidi. Nobu ya kwanza inatatarika nikiizungusha. Freti za mwanzo za uzi mnene zinalia kama nyuki. Halafu hata nikipiga noti moja safi, nasikia nyingine zinavuma nyuma yake. Fundi ameniambia pikapu zimekufa, ninunue mpya. Ni kweli?

Jibu: Marahaba. Si kweli, na usitoe hela bado. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko. Tunaposema imekufa, kwa kawaida waya huo umekatika mahali, na dalili yake ni kunyamaza, au kutoa sauti dhaifu, nyembamba, isiyo na tumbo. Pikapu iliyokufa hailii. Haingurumi kisha ikatulia ukiishika, wala haisubiri uzungushe nobu ndipo itatarike. Umenitajia kelele nne na kila moja ina kwao: moja inatoka kwenye umeme wa chumba, moja kwenye nobu, moja kwenye shingo ya gitaa, na ya nne, uniwie radhi, inatoka kwenye vidole vyako.

Zikilia zote kwa mkupuo ni rahisi kusema gitaa bovu. Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi, zitenganishe.

Chomoa kebo kwanza. Tafuta mahali patulivu, kaa, egemeza taya lako kwenye pembe ya juu ya gitaa, ile inayoshika mkanda. Mfupa wa taya hubeba sauti vizuri kuliko hewa, na hata mlio mdogo wa skrubu iliyolegea utauhisi kwenye meno. Sasa piga kila uzi, freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo) moja baada ya nyingine, polepole, kutoka kichwani hadi mwisho wa shingo. Chochote utakachosikia hapo ni cha mbao, chuma na vidole. Kisichosikika hapo na kinasikika kwenye amplifaya ni cha umeme, au ni cha kitu kinachotikiswa na spika chumbani. Nyuki wako atakuwepo, na noti zinazovuma nyuma zitakuwepo. Mngurumo na ule mtatariko havitakuwepo.

Angalizo moja. Uzi unaoparaza freti kidogo gitaa likiwa limechomolewa, halafu hausikiki kabisa kwenye spika, si ugonjwa. Besi ambayo haiparazi hata chembe mara nyingi ni ile ambayo nyuzi zake zimeinuliwa juu mno, na mwenye nayo anaumia vidole bila sababu. Hukumu ya mwisho itoe kwenye spika.

Tuje kwenye umeme. Hapa kuna mtego unaowanasa wengi, na nadhani ndio uliomnasa fundi wako. Desturi ya kupima ni kushusha nobu za sauti hadi sifuri: kelele ikiendelea, wanasema ni kebo au amplifaya. Kipimo hicho ni kizuri kwa besi yenye nobu moja ya sauti. Kwenye besi ya pikapu mbili zenye nobu mbili, kama mtindo wa Jazz Bass ambao kampuni ya Fender iliutoa mwaka 1960, nyaya huunganishwa kwa namna ya kukuwezesha kufunga pikapu moja bila kuizima nyingine. Gharama ya uhuru huo ni kwamba nobu zote mbili zikiwa sifuri, njia ya kutokea haijafungwa barabara kwenye ethi (njia ya umeme kwenda ardhini), na gitaa linaweza kuvuma kidogo wakati lilipaswa kuwa kimya. Kwa hiyo usipime kwa nobu.

Pima hivi. Shusha sauti ya amplifaya hadi chini. Chomoa kebo upande wa gitaa tu, uiache imechomekwa kwenye amplifaya. Chukua kipande kidogo cha karatasi ya alumini, ukizungushe kwenye plagi hiyo kiguse ncha yake na shina lake kwa pamoja. Pandisha sauti taratibu. Kukiwa kimya, kebo na amplifaya ni wazima na kelele iko kwenye gitaa. Ikiendelea kunguruma, chomoa na upande wa pili: ikikatika, tatizo ni kebo, isipokatika, ni amplifaya au umeme unaoingia ndani yake. Usipime kebo ikiwa na ncha tupu inayoning'inia. Kebo yoyote duniani iliyochomekwa upande mmoja tu hunguruma, na ukiigusa ncha hunguruma zaidi. Nimeshaona kebo nzima kabisa zikitupwa kwa kosa hilo.

Tuseme umethibitisha kwamba mngurumo uko kwenye gitaa. Usikilize vizuri, maana ni wa aina mbili na dawa zake hazifanani.

Umeme wa majumbani katika sehemu kubwa ya dunia hugeuka mara 50 kwa sekunde. Marekani na baadhi ya nchi nyingine ni mara 60. Nyuzi zako, kutoka mnene hadi mwembamba, ni E, A, D na G. Sasa noti ya G, freti ya tatu kwenye uzi wa E, hutetema mara 49 kwa sekunde. Mngurumo wa umeme wa 50 umekaa mlango wa pili na noti hiyo. Na uzi wako mwembamba, G ya wazi, hutetema mara 98, jirani na 100 ambayo ni mngurumo uleule ukiwa maradufu. Ndiyo maana mpiga gitaa la solo anaweza kuukata mngurumo kwenye amplifaya kwa kupunguza sauti nzito na asipoteze kitu, lakini wewe ukifanya hivyo unajikata mguu. Kwako lazima uzuiwe usiingie.

Aina ya kwanza huingia kwa usumaku. Koili ya pikapu haijui tofauti kati ya uzi unaotikisika na transfoma iliyo karibu. Vyote huiletea usumaku unaobadilika, nayo hutoa sauti. Dalili yake ni kwamba ukigeuka na gitaa kifuani, mngurumo unapanda na kushuka kwa kadiri ya pembe. Kuna upande mmoja wa chumba ambako karibu unyamaze. Kushika nyuzi hakuupunguzi.

Aina ya pili huingia kwa nguvu ya umeme iliyo hewani, kutoka nyaya za ukutani, taa na chaja. Mwili wako wenyewe unaikusanya kama antena, na wewe umelikumbatia gitaa. Unapogusa nyuzi, unaunganishwa na ethi kupitia daraja la gitaa, kile chuma kinachoshika nyuzi mwilini. Antena inageuka kuwa ngao, kelele inapungua. Umesema kwako inapungua. Hiyo ni habari njema: waya wa ethi unaokwenda kwenye daraja ni mzima. Ungeniambia kwamba kushika nyuzi hakubadili kitu lakini kugusa chuma cha jeki, lile tundu la kebo, kunanyamazisha, ningekwambia waya huo umekatika chini ya daraja. Ungeniambia kushika nyuzi kunazidisha, ningeshuku mtu alifungua, akachomea nyaya mbili za jeki kinyume.

Lakini umesema pia kwamba ukipunguza nobu moja mngurumo unazidi. Hilo ni la aina ya kwanza, na si ubovu hata kidogo. Ndivyo gitaa lilivyobuniwa. Pikapu zako mbili ni za koili moja moja, ila ya pili imezungushwa waya kinyume na ya kwanza, na sumaku yake imegeuzwa pia. Mngurumo wa chumba hauna habari na sumaku hizo, unaingia kwenye koili zote mbili, na kwa kuwa moja imezungushwa kinyume, huku unasukuma na huku unavuta, unajiua wenyewe. Sauti ya uzi inategemea sumaku na mzunguko vyote viwili, na kinyume cha kinyume ni sawasawa, kwa hiyo zinajumlishana. Hila hiyo hufanya kazi nobu zote mbili zikiwa sawa tu. Shusha moja na mizani inavunjika. Ndiyo sababu mwaka 1957 Precision Bass, besi nyingine ya Fender, ilipewa pikapu iliyokatwa vipande viwili, E na A upande mmoja, D na G upande wa pili, kila kipande kinyume cha mwenzake: mpigaji hana nobu ya kuiharibu hila yenyewe.

Kwa hiyo dawa yako ya kwanza haina gharama. Fungua nobu zote mbili hadi mwisho, piga hivyo, na ladha itafute kwa nobu ya toni na mahali unapoweka vidole. Ukihitaji mno pikapu ya nyuma peke yake, mzungumzo wake ule wa puani, hapo ndipo ningekubaliana na fundi wako kuhusu pikapu mpya: zile zenye koili mbili zilizopandana ndani ya umbo lilelile. Lakini ungekuwa unazinunua kwa ajili ya ladha, si kwa sababu ulizonazo zimekufa. Na kama bado una wasiwasi, mita ya umeme itakutuliza. Ipange kwenye omu, chomeka kebo kwenye gitaa, gusisha ncha na shina la plagi ya upande wa pili, nobu moja ikiwa imefunguliwa yote na nyingine imefungwa. Pikapu nzima ya aina hii husoma karibu omu 7,000 au 8,000. Iliyokatika waya haitakupa chochote karibu na hapo. Kipimo hiki ni cha gitaa lisilo na betri. Lenye betri lina saketi katikati, na mita itakudanganya.

Kinachobaki baada ya hapo, ule mngurumo unaopungua ukishika nyuzi, hutibiwa kwa kulivisha gitaa ngao. Unafungua nafasi za nobu na za pikapu, unazitandika utepe wa shaba wenye gundi ndani pande zote na chini ya kifuniko, vipande vikigusana, kisha unauunganisha mzigo wote na ethi kwa waya mmoja. Ni kazi ya mchana mmoja na inaleta unafuu mkubwa. Ila usidanganywe na wanaosema shaba inaondoa mngurumo wote. Utepe mwembamba wa shaba hauzuii usumaku wa umeme wa ukutani. Unazuia hii aina ya pili tu. Kabla hata ya kununua utepe, sogeza chaja ya kompyuta mbali, zima taa yenye swichi ya kupunguza mwanga, simama mbali na amplifaya hatua mbili. Simu nayo iweke mfuko mwingine. Ule mlio wa trr-tr-trr unaotangulia simu kuita ni redio ya simu ikiwaka na kuzimika mara 217 kwa sekunde, na pikapu zinaupenda sana.

Nikae kidogo kwenye ethi kwa sababu hapa watu wamekufa. Kuna ushauri unazunguka kwamba mngurumo ukikushinda, kata pini ya ethi kwenye plagi ya amplifaya. Ni kweli mngurumo wa aina fulani utapotea, hasa pale amplifaya na mikisa, au amplifaya na kompyuta, vimeunganishwa kwa kebo huku kila kimoja kina ethi yake ukutani, na umeme mdogo unazunguka kati yao. Lakini nyuzi za gitaa lako zimeunganishwa na bati la amplifaya. Siku amplifaya ikiharibika ndani, pini ile ndiyo iliyokuwa ipeleke umeme ardhini badala ya kuupitisha mikononi mwako hadi mdomoni kwenye maikrofoni. Leslie Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, alifariki jukwaani Swansea mwaka 1972 aliposhika maikrofoni isiyo na ethi. Ule umeme unaozunguka kati ya ethi mbili hukatwa kwa kisanduku cha DI, kinachopitisha sauti ya gitaa kwenda kwenye mikisa, chenye swichi ya kuinua ethi ya waya wa sauti, au kwa kuchomeka vyombo vyote kwenye soketi moja. Pini haiguswi. Na ukisikia midomo inapigwa na cheche kwenye maikrofoni, acha kupiga hapohapo.

Nobu inayotatarika ni jambo dogo. Ndani yake kuna utepe wa kaboni na ulimi wa chuma unaotembea juu yake. Vumbi na kutu vikiingia, ulimi unarukaruka. Vuta kofia ya nobu, fungua kifuniko, tafuta upenyo mdogo juu ya vile vimiguu vitatu vinavyoshika nyaya, puliza dawa ya kusafishia swichi za umeme mara moja tu, kisha zungusha nobu mwanzo hadi mwisho mara ishirini au thelathini. Dawa iwe ya vifaa vya umeme, si mafuta ya kulainishia bawaba. Hayo yananasa vumbi na baada ya miezi michache unarudi ulikotoka. Isipopona, badilisha nobu yenyewe. Ndani humo ukikuta betri ya volti 9, gitaa lako lina saketi ya kuongeza nguvu, na mtatariko unaweza kuwa wa kapasita inayovujisha umeme. Hiyo mpe fundi. Betri iliyochoka pia huleta sauti iliyopasuka, kama mtu anayeongea na homa, na watu huisingizia spika. Kwenye magitaa hayo kuchomeka plagi ndiko kunakowasha saketi, kwa hiyo ukimaliza kupiga chomoa.

Ukiwa umefungua, tikisa jeki. Ikizunguka ukiigusa, nati yake imelegea. Usiikaze kutoka nje tu: mwili wa jeki utazunguka ndani na kuzisokota nyaya zake hadi zikatike, na umejitengenezea ugonjwa mpya. Ishike kwa ndani kwa vidole, kaza kwa nje.

Sasa nyuki. Uzi wa E ukiwa wazi hutetema mara 41 kwa sekunde na ndio wenye safari ndefu kuliko wote; unahitaji nafasi ya kupita. Nafasi hiyo hutolewa na shingo. Shingo nzuri haijanyooka kabisa, imepinda mbele kidogo sana, kama upinde uliovutwa nusu ya nusu. Ndani yake kuna chuma kirefu kinachopigana na mvuto wa nyuzi. Mbao ikibadilika kwa unyevu au ukavu wa hewa, au chuma kikikazwa mno, shingo inanyooka au inapinda nyuma, na freti za mwanzo ndizo zinazolia. Mahali kelele ilipo ndipo penye jibu. Ikilia kwenye uzi wa wazi peke yake, na ukibonyeza freti ya kwanza inapotea, kasoro iko kwenye ule mfupa wenye mifereo pale shingo inapokutana na kichwa. Mfereo umechongeka chini mno. Ikilia freti za mwanzo tano hivi, shingo imenyooka mno. Ikilia juu, kuanzia ya kumi na mbili kwenda mbele, nyuzi ziko chini mno au shingo imepinda mno. Na ikilia kwenye freti moja tu, jirani zake zote safi, basi freti inayofuata imeinuka. Weka ukingo ulionyooka wa kadi ngumu ukalie freti tatu kwa pamoja, na ya katikati ikiwa ndefu kadi itayumba.

Wewe umesema freti za mwanzo. Tuni gitaa vizuri, maana shingo hupimwa ikiwa na mzigo wake. Kwa kidole cha kushoto bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza, kwa kiwiko au kidole kingine ubonyeze pale shingo inapoungana na mwili. Uzi sasa ni rula yako. Tazama freti ya saba au ya nane: kati ya uzi na kichwa cha freti kuwe na uwazi wa milimita 0.3 hivi, unene wa kadi nyembamba ya mwaliko. Ukiugonga uzi hapo na hausogei kabisa, umekalia freti, basi umempata nyuki wako. Legeza chuma cha shingo kwa ufunguo wake, kinyume cha saa, robo ya mzunguko, si zaidi. Tuni tena, subiri, ikiwezekana hadi kesho, upime upya. Ufunguo ukigoma usiulazimishe. Chuma kikikatika ndani ya shingo, bei yake ni shingo. Baada ya hapo ndipo uangalie kimo cha nyuzi kwenye freti ya kumi na mbili: milimita 2 kwa G na 2.5 kwa E ni mahali pazuri pa kuanzia, nawe utapanda au kushuka kulingana na uzito wa mkono wako. Watu wengi huanza na daraja na kumalizia na shingo, wakashangaa kila siku wanarekebisha.

Tena mkono wenyewe uuangalie. Piga mstari uleule kwa nusu ya nguvu, amplifaya ukiipandisha kidogo. Mara nyingi nyuki anahama bila ufunguo wowote. Na kidole cha kushoto kikae nyuma tu ya freti, karibu kuigusa. Kikikaa katikati ya freti mbili uzi hautulii vizuri na unalia hata kwenye gitaa lililotengenezwa na malaika.

Kama baada ya hayo bado kuna mlio wa bati, wa zing, unaotokea kwenye noti moja au mbili tu, acha shingo. Kuna kitu kimelegea kinachoitikia noti hizo. Piga noti hiyo kwa mkono mmoja, wa pili ubonyeze kitu kimoja kimoja: kila kigingi cha kukazia nyuzi, kile kipande cha uzi kati ya mfupa wa kichwani na kigingi, kofia za nobu, skrubu za kifuniko, na hasa zile skrubu ndogo sana zinazoinua vikalio vya nyuzi darajani. Kila kikalio kina mbili, na mara nyingi moja imebeba uzi huku mwenzake inaning'inia hewani ikitetemeka. Ishushe mpaka iguse chini. Tone moja la rangi ya kucha litaishikilia isije ikalegea tena.

Kuna mara niliwahi kufungua besi nzima usiku kucha kwa kutafuta mlio wa namna hii. Nilikaza kila kilichokazika. Asubuhi mtu akaja, akakaa kwenye ngoma, akageuza kile kiwiko cha pembeni cha ngoma ndogo, nyaya zake za chini zikaachana na ngozi, na besi yangu ikapona. Tangu siku hiyo, mlio wowote unaosikika gitaa likiwa kwenye spika na hausikiki kwenye taya, kwanza natembea chumbani. Besi hutikisa vioo vya dirisha, milango ya kabati, funguo mezani. Panda noti polepole, ukifika kwenye inayolia iache ivume, halafu tafuta kwa mkono kinachotetemeka.

Nimebakiza noti zinazovuma nyuma, na hizi ndizo nazipa uzito kuliko zote, kwa sababu hakuna fundi atakayekuuzia dawa yake. Uzi ukiguswa na mtetemo unaolingana na wake, au na sehemu yake kamili, huamka wenyewe. Piga A kwenye freti ya tano ya uzi wa E: uzi wa A ulio wazi, ambao hujaugusa, unaimba pamoja nayo. Piga E kwenye freti ya saba ya uzi wa A: uzi wa E mnene unajigawa katikati na kujibu. Fanya hivi sasa hivi ili usinibishie: piga E hiyo kwa nguvu, kisha uzime uzi wa A kwa kiganja. Sauti inayobaki ikining'inia ni ya uzi ambao hukuupiga. Zidisha hiyo kwa wimbo mzima na utapata lile tope unalolisikia chini ya noti zako.

Kupiga besi ni kuzima zaidi kuliko kuwasha. Kidole gumba cha kulia kisiote mizizi juu ya pikapu. Ukipiga uzi wa E kiegemee pikapu. Ukihamia A kishuke kilalie E. Ukihamia D kikae juu ya A huku ubavu wake ukiendelea kuigusa E. Na ukiwa kwenye G kiishike D, nyuzi nyingine mbili zikizimwa na ubavu wa gumba na ukingo wa kiganja. Nyuzi nyembamba zilizo chini ya ile unayopiga ni kazi ya mkono wa kushoto: kidole cha kwanza kisisimame wima kama msumari, kilale kidogo ili tumbo lake liziguse bila kuzibonyeza. Na noti ikiisha, usiondoe kidole kwa kukirusha juu, maana uzi wa wazi utalia nyuma yako. Kwanza legeza mbano, kidole kikiwa bado kinaugusa uzi, ufe, ndipo uhame. Ule mkwaruzo wa kuteleza pia unapungua hivyohivyo, kwa kuinua kidole kabla ya kukisafirisha. Usipopungua, tatizo ni nyuzi zilizozungushiwa waya wa mviringo. Zilizozungushiwa waya bapa hazikwaruzi, ila na ule mng'ao unaondoka nao.

Zoezi langu ni moja. Weka mapigo ya polepole, 60 kwa dakika. Piga noti kwa pigo moja, nyamaza pigo linalofuata. Usiisikilize noti, sikiliza kimya. Panda ngazi ya nyuzi zote nne namna hiyo, na mahali kimya kinapokuwa na ukungu, simama, utafute ni uzi gani. Siku mbili za mwanzo utaudhika. Ukiwa na onyesho kabla mikono haijazoea, chomeka kipande cha sponji chini ya nyuzi karibu na daraja. Si aibu: besi za awali za Fender zilitoka kiwandani na sponji chini ya kifuniko cha daraja, na James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya rekodi ya Motown, aliiacha ya kwake palepale.

Kitu kimoja kidogo hukuuliza lakini kitakujia. Kwenye pikapu za aina yako vichwa vya sumaku viko wazi, na uzi au kidole kikivigusa spika hutoa mlio wa ta! au mvumo mfupi. Shusha pikapu mpaka ukibonyeza freti ya mwisho zibaki milimita 2 au 3 chini ya uzi, na ukipenda bandika utepe wa plastiki juu ya vichwa hivyo.

Anza na nobu mbili kuwa sawa, halafu dawa ya swichi, halafu shingo, huku zoezi la kimya likiendelea kila siku. Utepe wa shaba uache mwisho, pengine hutauhitaji. Nyuki akikataa kuhama baada ya robo ya pili ya mzunguko, usiongeze ya tatu. Niandikie analia freti ya ngapi, na kwenye uzi wa A analia au la.